Pasaka ya Theluji ya Uhakika

Solfrid Brattåker hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Kwa miaka mingi aliuza nyuzi za sufu katika duka lake dogo mkabala na kituo cha reli, na mwenye duka la sufu huyajua ya watu: nani anafuma soksi za mtoto kabla ya harusi, nani ameacha sweta ya mumewe na mkono mmoja. Yote hayo aliyapokea kwa uso mkavu, akapima nyuzi, akafunga kifurushi. Lakini Jumapili ile mwanawe Eskil alipomwambia, mezani, mbele ya nyama ya kondoo, kwamba Pasaka ya mwaka huo wataila ndani ya jumba kando ya barabara kuu, uma ulimtoka mkononi ukatumbukia kwenye mchuzi.

“Jumba gani?” aliuliza.

“Jumba la theluji, mama. Lile karibu na Oslo. Theluji ipo mwaka mzima, iwe joto iwe mvua. Kuna na hoteli pembeni.”

“Na mlima uko wapi?”

“Mlima umo ndani.”

Solfrid alimwangalia mwanawe kama mtu anayengoja kuambiwa ni utani. Utani haukuja. Eskil alikata nyama yake vipande vidogo vidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili yake ya hofu tangu utotoni.

“Maegesho yapo ya kutosha,” aliongeza Eskil.

“Maegesho!” Solfrid alimgeukia mumewe. “Unasikia, mzee? Kuna maegesho!”

Torleiv alikuwa fundi bomba kabla ya kustaafu, na kazi ile ilimfundisha kutogusa kinachovuja mpaka ajue maji yanatoka wapi. “Nasikia,” alisema, akaongeza kiazi.

“Mtu mzima na akili zako, Eskil, unataka kuiweka Pasaka ndani ya friji!”

“Friji ina theluji, mama. Granli haina.”

Lile lilikuwa la kweli, na lilimchoma mama mtu. Granli ni kibanda alichokijenga baba yake kwa mikono yake mwenyewe, mbao kwa mbao, kwenye kilima kisicho kirefu sana. Zamani hizo kimo hicho kilitosha. Theluji ilifunika ngazi, ikafunika dirisha la choo cha nje, na Pasaka ilikuwa Pasaka: machungwa kwa kreti, riwaya za upelelezi kitandani, mgongo kwenye ukuta wa jua na uso mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Solfrid alianza kuipanga Januari, mara tu mti wa Krismasi ulipotolewa nje. Lakini Pasaka tatu mfululizo Granli ilikuwa imewaaibisha, na hii iliyokuwa ikija iliangukia mwishoni kabisa mwa Aprili, wakati watu wa mabondeni wamekwisha kutoa baiskeli zao.

“Mama, si kwamba hatuutaki mlima,” alisema Maren, mkwewe, kwa upole. “Ni Ylva. Unakumbuka mwaka jana.”

Angesahau vipi? Ylva, mjukuu wake wa pekee, alikuwa na miaka sita wakati ule. Walimburuza kwenye skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, juu ya matope na majani makavu, wakitafuta mabaka ya theluji kama watu wanaotafuta shilingi iliyoanguka. Mtoto alivumilia mpaka kwenye kinamasi. Hapo alizivua skii, akazitupa majini moja baada ya nyingine, akatangaza kwamba hatazivaa tena maisha yake yote. Watu wazima walicheka. Solfrid hakucheka. Baba yake ndiye aliyemsimamisha yeye kwenye skii, na yeye ndiye aliyemsimamisha Eskil. Kitu kimoja tu alikuwa akikitaka duniani kabla magoti yake hayajamgomea: Ylva asimame mlimani juu ya theluji, jua likimpiga usoni, apapende. Basi. Wala hakuona kuwa anaomba makubwa.

“Nipeni nafasi,” alisema. “Nitaitafuta theluji.”

Eskil alimtazama mkewe, akashusha pumzi. “Haya mama. Lakini iwe theluji ya uhakika. Ya uhakika, siyo ile yako ya tumwombe Mungu. Ukiipata, tunakuja.”

“Ahadi?”

“Ahadi.”

Wiki ya kwanza ya Aprili Solfrid alimchukua Torleiv wakaenda Granli kujionea. Alijua hali ni mbaya. Si mtoto. Alikwishajiandaa kwa mabaka, kwa theluji chafu ya kivulini, kwa njia iliyokatikakatika. Alichokikuta hakukitegemea. Hakukuwa na baka hata moja. Ardhi ilikuwa nyeusi, imelowa, inanuka kama chungu cha maua. Kinamasi kilimeremeta chote. Alisimama mbele ya ngazi za baba yake na fimbo zake za skii mkononi, fimbo alizozibeba kwa mazoea tu, na kipepeo mmoja mwekundu akaja akatua juu ya mshiko.

“Kipepeo!” alisema Solfrid.

Hakuwahi kumwona kipepeo Granli wakati wa theluji. Aliketi ngazini akalia, si kidogo, kama anavyoliliwa mtu aliyekufa. Aliona haya kumlilia kipepeo na bado hakuweza kujizuia. Torleiv alimwacha mpaka akamaliza, kisha akampa leso yake iliyonuka mafuta ya gari.

“Twende zetu, mama Eskil. Kilio hakileti theluji.”

“Baba asingeamini.”

“Asingeamini. Twende.”

Waliporudi alikamata simu. Sasa, watu wa mlimani ni waungwana, lakini waulize habari za theluji yao: huwa kama mama anayemwozesha binti, hakuna kasoro hata moja. Kila hoteli ya juu ilimwambia theluji ni nyingi, theluji ni safi, karibu sana. Solfrid aliijua lugha hiyo. Kwa hiyo aliacha kuulizia theluji, akawa anaulizia mbwa.

“Na mbwa wenu hajambo?” aliuliza kwa sauti ya duka la sufu. “Kibanda chake naona kinapata jua siku hizi?”

“Oo, analala juu ya paa lake kutwa nzima,” alijibu mmoja, na Solfrid akakata simu.

Mwisho alimpata Jorunn, mpishi wa nyumba ya wageni ya Skarvheim, juu kabisa, mahali ambapo miti imekwishakata tamaa.

“Kibanda cha mbwa?” Jorunn alicheka mpaka simu ikakwaruza. “Dada yangu, mbwa tunamlaza jikoni. Kibanda hatujakiona tangu Novemba!”

Solfrid aliketi. “Mna vyumba?”

“Pasaka? Wewe nawe! Tumejaa mpaka darini. Watu huweka nafasi wakiwa bado wanakula biskuti za Krismasi.”

Ilikuwa kama kuonyeshwa chakula na kunyang’anywa sahani. Kwa siku mbili Solfrid hakusemezeka. Siku ya tatu Jorunn akapiga mwenyewe: familia moja ilikuwa imejitoa, baba yao kavunjika mguu akishuka ngazi za benki. Je, bado mnataka?

Kufa kufaana. Solfrid aliweka simu chini, akacheza jikoni kwa soksi, mwanamke wa karibu miaka sabini, mpaka vikombe vikagongana kabatini. Kisha akamwombea yule bwana wa watu mguu wake. Lakini alicheza kwanza.

Eskil alipoambiwa hakubisha. “Ahadi ni deni,” alisema. Ila kulikuwa na kitu katika sauti yake. “Lakini mama, Jumamosi uje nasi kwenye jumba. Mara moja tu. Ylva ana jambo lake anataka uone.”

“Jambo gani?”

“Uje tu.”

Alikwenda kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa asiyempenda. Jumba lilikuwa kubwa kupita kiasi, kubwa kuliko kanisa lolote alilopata kuingia, na ndani yake kilima kizima kilipanda kuelekea dari iliyojaa mabomba. Torleiv aliyatazama mabomba kwa heshima. Solfrid alitazama juu akitafuta anga, akaona taa. Baridi ilikuwepo, lakini ilikuwa baridi isiyo na harufu. Muziki ulikuwa unapigwa. Mkanda ulipandisha watu kilimani wakiwa wamesimama, kama mizigo uwanja wa ndege, na walipofika juu walishuka mpaka kwenye ukuta mpana wenye magodoro ya bluu, wakageuka, wakapandishwa tena. Alianza kuutafuta mlango kwa macho.

Ndipo alipomwona mtoto mmoja mwenye kofia ngumu nyekundu. Alikuwa anashuka kwa kona fupifupi, magoti yamelegea, mabega yametulia, bila haraka na bila woga, na kila aliyekuwa mbele yake alipitwa. Solfrid alisahau mlango. Maishani mwake alikuwa ameona watoto wengi wakiteleza, na jicho lake halikudanganyika.

“Ona yule!” alimshika mkono Eskil. “Yule mtoto wa nani yule?”

“Wa nani tena, mama? Wako.”

Kofia nyekundu ilifunga breki mbele yao, theluji ikaruka ikajaza viatu vya Solfrid. Miwani ilipopandishwa, chini yake kulikuwa na macho ya Ylva na pengo la Ylva.

“Bibi! Umeniona? Umeniona nikikata pale?”

Mtoto yule yule wa kinamasi!

“Tangu lini?” aliuliza Solfrid.

“Tangu vuli,” alisema Maren. “Kila Jumatano. Alitaka akushtue, mama.”

“Na kweli kanishtua.” Alimgeukia mumewe polepole. “Wewe ulijua?”

“Nilimleta mara mbili hivi,” alisema Torleiv, macho kwenye mabomba.

“Mara mbili!”

“Labda zaidi.”

“Ulisema unakwenda kwa daktari wa meno!”

“Meno yangu mazima, bibie. Ajabu hukuliona hilo.”

Eskil alicheka, Maren akacheka, na Solfrid naye akacheka kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuuweka uso wake. Lakini ndani alikuwa ameumia, na nisimfichie: aliona wivu. Kazi ile ilikuwa yake. Miaka yote aliiwekea nafasi moyoni, na sasa ilikuwa imefanywa na mkanda, taa na kijana fulani mwenye filimbi, wakati yeye yuko nyumbani anazipaka skii nta. Ylva alikwisha kupandishwa tena na alikuwa anapunga mkono kutoka juu. Kila aliposhuka ule wivu ulipungua, na fahari ikachukua mahali pake, mpaka Solfrid akawa anamwambia mama asiyemjua aliyesimama pembeni, “Yule mwekundu ni mjukuu wangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka!”

Njia nzima ya kurudi alikuwa anapanga. Sasa hakukuwa na haja ya vijilima vya kujifunzia nyuma ya nyumba. Mtoto anateleza! Ijumaa Kuu watapanda mpaka kwenye rundo la mawe kileleni, watakula machungwa huko juu, watashuka wote kwa mstari mmoja, Ylva mbele. Torleiv alisema labda waanze kidogo. Hakumsikia. Kosa la Solfrid lilikuwa la mtu wa huko huko kabisa, mtu aliyelelewa na mlima hata asiuone: aliamini kwamba anayejua theluji amekwisha kuujua na mlima.

Walifika Skarvheim siku moja kabla ya Alhamisi Kuu, theluji inaanguka na wingu limelala barabarani, hata pua ya gari hawakuiona. Ylva aliingia ndani amefunikwa skafu, akala soseji, akashinda mashindano ya karata. Asubuhi yake palikuwa pamekucha kweupe. Theluji ilikuwa imefika juu ya madirisha ya chini, na jua liliwaka mpaka mtu akafumba macho. Solfrid alitoka wa kwanza, akavuta hewa, akasema “Ah!” kwa sauti, na hata watu wa familia nyingine wakageuka kumtazama. Alikuwa amefaulu. Theluji ya uhakika ilikuwa hii hapa, anaikanyaga.

Ylva alitoka na kofia yake nyekundu, skii begani, anacheka na mama yake. Alipita mlango, akapiga hatua kama tatu, akasimama. Kicheko kilikatika.

“Bibi,” alisema. “Ukuta uko wapi?”

“Ukuta gani, mwanangu?”

“Wa mwisho. Wa kusimama.”

Solfrid alicheka. “Mlimani hakuna ukuta, kipenzi. Hapa unakwenda tu!”

“Mpaka wapi?”

Bibi aliinua fimbo yake amwonyeshe, kama baba yake alivyomwonyesha yeye. Weupe ulianzia kwenye ncha za viatu vyao ukaenda, ukaenda, hapakuwa na mti, hapakuwa na nyumba, mpaka ulipokutana na anga na hukujua kipi ni kipi. Alifungua mdomo ataje majina ya vilele. Lakini mtoto alikuwa amemshika koti kwa mikono yote miwili.

“Na upepo huu nani anauzima?”

“Hakuna anayeuzima. Njoo, vaa skii. Ukianza tu utaona.”

Alimvalisha. Alimvuta mkono, polepole, kwenye kiteremko cha kitoto kabisa, ambacho kule jumbani Ylva angekishuka amefumba macho. Baada ya urefu wa gari moja mtoto aliketi chini.

“Nitaanguka nje,” alisema.

“Nje ya nini?”

“Nje ya kila kitu.”

“Acha upuuzi, Ylva!” Sauti ilimpanda Solfrid kabla hajaizuia. “Unateleza vizuri kuliko baba yako. Hapa pa wazi unaogopa nini? Hewa?”

“Ndiyo,” alisema Ylva.

Alilia bila sauti. Watu walipita na nyuso zao nyekundu, wakapaza, “Pasaka njema!” kama ilivyo desturi, na ikabidi Solfrid awajibu Pasaka njema, na mtoto analia miguuni pake. Solfrid hakuwahi kuona kitu kama hicho. Alikuwa amewaona watoto wakiogopa kasi, wakiogopa mbwa, wakiogopa giza la choo cha nje. Anayeuogopa uwazi wenyewe hakuwahi kumwona, na kwamba awe mjukuu wake kulimpiga kama kofi.

Eskil alikuja akamwinua binti yake, skii zikining’inia.

“Mama, tumekuja,” alisema, wala hakusema kwa hasira. “Theluji umeipata, umeshinda. Lakini huyu hawezi. Kesho tunashuka. Jumba liko wazi sikukuu yote.”

“Siku moja tu, Eskil! Mpe siku moja!”

“Ili iweje? Azitupe tena kinamasini?”

Wakaingia ndani. Mlango ukafungwa, na Solfrid akabaki nje peke yake na theluji yake. Aprili nzima aliitafuta, aliulizia mbwa wa watu, alicheza juu ya mguu uliovunjika wa mtu asiyemjua, na sasa theluji ilikuwepo mpaka dirishani, na mtoto alikuwa ameiogopa kuliko alivyoyachukia matope. Kesho watashuka, na hawatapanda tena. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Torleiv alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani anamenya chungwa. Alisogea kumpa nafasi.

“Nimempa mlima mzima,” alisema Solfrid. “Mlima mzima, mzee! Na yeye anataka ukuta!”

“Basi si umpe.”

“Nimpe nini?”

“Ukuta.”

Solfrid alimkazia macho, akidhani anamdhihaki. Torleiv alikuwa anaondoa nyuzi nyeupe za chungwa, moja moja, ametulia. Mbele yao, huku na huku, familia zilikuwa zinachimba mashimo yao ya kuotea jua, kama kila mwaka, zikikata mapande ya theluji na kuyapanga upande wa upepo. Ni kitu ambacho Solfrid mwenyewe alikuwa amekijenga mara nyingi kuliko alivyofuma soksi. Alisimama. Akaenda mlangoni, akachukua mabeleshi mawili.

“Inuka,” alisema.

Walijenga chini ya kile kiteremko, pale kinapolala. Yeye alikata, Torleiv alipanga. Mgongo ulimuuma toka pande la tatu, akaona haya, lakini haya yake hayakuhusu mgongo. Yalihusu neno lile la upuuzi alilomwambia mtoto. Bwana mmoja wa shimo la jirani hakuweza kuvumilia.

“Mama! Ukuta umeuweka siko! Upepo unatokea huku!”

“Upepo haujaniuliza, nami siuulizi!”

“Jua nalo mmelipa mgongo!”

“Lina kazi nyingine. Kula soseji yako!”

Jorunn alitoka jikoni na aproni yake, mikono kiunoni, kuja kuwacheka wageni kutoka bondeni wasiojua kuchimba shimo. Solfrid alimweleza. Jorunn aliacha kucheka, akarudi ndani, akatoka na trei kubwa ya kuokea mikate, akawa anaupiga ukuta kwa bapa lake ili ushikane. Kabla ya chakula cha mchana ulikuwa umemfika Solfrid kifuani, mpana kama barabara, umenyooka.

Alimkuta Ylva kitandani na kitabu, hasomi. Alipiga magoti, magoti yale yale mabovu, ili macho yao yalingane.

“Nilikujibu vibaya pale nje,” alisema. “Haukuwa upuuzi. Sasa mwisho upo. Njoo uuone.”

Mtoto alikuja amemshika mkono, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakutazama kushoto wala kulia. Aliutazama ukuta tu.

“Una nguvu?”

Torleiv aliuegemea kwa mgongo wake wote wa fundi bomba. Ukuta haukutikisika.

Ylva alivaa skii. Eskil na Maren walikuwa wametoka, wamesimama mlangoni. Mtoto alishuka moja kwa moja, amekakamaa kama mti, bila kona hata moja, akaugonga ukuta kwa viganja viwili na kubaki ameushika. Kisha akageuka. Hapakuwa na mkanda wa kumpandisha. Alitazama huku na huku akiutafuta, hakuuona, akapanda mwenyewe kiubavuubavu kama kaa, ulimi nje kwenye pengo. Akashuka tena. Akaugusa. Akapanda. Mara ya nne au ya tano kulikuwa na kona. Solfrid hakusema neno hata moja, na wanaomfahamu watakuambia kwamba huo nao ulikuwa mwujiza. Alikuwa ameuma glavu yake.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba Ylva aliposhuka mara nyingine na asigeuke. Alisimama ukutani. Aliweka mikono juu yake, akainuka kwa vidole ndani ya viatu vile vigumu, akachungulia upande wa pili. Alichungulia kwa muda mrefu. Upepo ulipeperusha nywele zilizotoka chini ya kofia. Eskil alianza kushuka amfuate, na Solfrid akamzuia kwa mkono, hata hakumtazama.

Mtoto alipanda kiubavuubavu mpaka kwa bibi yake. Alikuwa anahema.

“Bibi.”

“Naam, mwanangu.”

“Usogezeni kidogo.”

“Tuusogeze wapi?”

Ylva aliinua fimbo yake, akaonyesha kule ambako hakukuwa na kitu chochote.

“Torleiv!” Solfrid aliita. “Lete beleshi!”